Unarudi kwenye gitaa ukiwa na miaka 45? Usianze na wimbo

Ulilipiga ukiwa kijana, labda kwenye kwaya ya kanisani, labda bendi ya shule. Zikaja kazi, ndoa na ada za watoto, gitaa likapanda juu ya kabati. Sasa una miaka 45 au 50, jioni zimeanza kupata nafasi, na unataka kulishusha.

Inawezekana kabisa. Ila ukitaka kuanzia pale ulipoishia, una hatari ya kuliacha tena ndani ya mwezi. Na kuacha mara ya pili huwa kubaya zaidi, kwa sababu safari hii gitaa halirudi kabatini, linauzwa.

Kichwa kinakumbuka, vidole vimesahau

Kijana wa miaka 15 anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza hana historia nalo. Akitoa sauti mbovu anacheka, anaendelea.

Wewe una kumbukumbu. Unaujua wimbo ulivyokuwa ukitoka mkononi mwako miaka ile, na kasi yake bado iko kichwani. Unaanza kwa kasi hiyohiyo, vidole vinachelewa, unasimama, unarudia mwanzo. Baada ya jioni tatu za namna hiyo unasema umri umeenda.

Je, ni kweli umri umeenda? Mwaka 2008 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya watu wa takriban miaka 60 waliofundishwa kurusha na kudaka mipira 3 kwa mfululizo. Walijifunza, na picha za ubongo wao zilionyesha mabadiliko kama yale yaliyoonekana kwa vijana. Ni kweli hawakufikia ustadi wa wenye miaka 20. Mipira si gitaa, lakini ni kazi ya mikono inayodai kupatia muda, kwa hiyo picha tunaipata: utajifunza, ila taratibu kidogo.

Kwanza likague gitaa lenyewe

Wengi wanalaumu vidole wakati tatizo ni chombo. Gitaa lililokaa miaka kabatini, hasa kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, nyuzi zake zimeshika kutu na huenda shingo imepinda.

Nunua nyuzi mpya. Kisha angalia nafasi kati ya uzi na chuma cha 12 kwenye shingo, yaani freti ya 12. Kwa gitaa kavu lenye nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 ni sawa. Zikizidi 4, mpelekee fundi alishushe. Hakuna mazoezi yatakayokusaidia kama kila kordi ni kama kukamua nguo ya jinzi.

Na hapa kuna kosa linaloua magitaa mengi mtaani. Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilifunge nyuzi za chuma. Seti ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, ya nailoni takriban 40. Ukibadilisha, daraja linalobeba nyuzi linaweza kung'oka na shingo ikapinda moja kwa moja.

Kama vidole vinauma sana, nailoni ni chaguo zuri tu, si la kitoto. Unaweza pia kufunga nyuzi nyembamba za chuma, au kulegeza kila uzi kwa nusu toni. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Alirudi kwenye gitaa kwa kutumia nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza. Huyo ndiye mzee wa muziki mzito duniani, sasa wewe uone aibu ya nini?

Kutyuni siku hizi ni kazi ya simu. Pakua programu ya bure, piga uzi mmoja mmoja kuanzia mnene: E, A, D, G, B, E. Fanya hivyo kila siku kabla ya kuanza. Sikio lililozoea gitaa lililopotea sauti litakudanganya kwenye kila kitu kingine.

Kordi tatu, dakika moja

Msingi wa kwanza ni kuminya mahali sahihi. Kidole kikae nyuma kidogo tu ya freti, karibu kukigusa chuma, si katikati ya nafasi. Hapo unahitaji nguvu kidogo zaidi ya bure. Jaribu: minya kabisa, kisha legeza polepole huku ukipiga uzi mpaka uanze kukoroma. Nguvu iliyokuwepo kabla tu ya kukoroma ndiyo unayohitaji, hiyo nyingine unajiumiza.

Kisha chukua kordi tatu: A, D na E. Nyimbo nyingi za dansi na za kwaya zinazunguka kwenye kordi tatu za namna hii. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vinaanza na C, F na G, na ile F ya kulaza kidole juu ya nyuzi ndiyo iliyowakimbiza watu wengi tangu ujana wao. Iache kwanza. Ukiwa na kapo, kile kibanio cha shingoni, kiweke freti ya 3. Hapo umbo la A linatoa C, la D linatoa F, na la E linatoa G. Unaimba kwenye C na wenzako bila kuigusa F.

Sasa weka saa ya simu dakika 1. Badilisha A kwenda D, rudi A, nenda D, huku ukihesabu kila badiliko. Siku ya kwanza unaweza kupata 8, si ajabu.

Unalenga ngapi? Piga hesabu. Wimbo wa mapigo 80 kwa dakika, unaobadilisha kordi kila baada ya mapigo 4, unadai mabadiliko 20 kwa dakika. Ukifikisha 30 bila kugugumia, una akiba. Iandike namba yako kila siku. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha haki kwa mtu mzima, maana unajilinganisha na wewe wa jana na si wewe wa mwaka 1998.

Mkono wa kulia ndio bosi

Wanaorudi wengi wanahangaika na mkono wa kushoto, na mkono unaopiga wanauachia ujifunze wenyewe. Matokeo yake kila kordi ikichelewa, mdundo nao unasimama.

Sikiliza Sikinde au Msondo. Juu kuna solo inayong'ara, lakini chini yake gitaa la rithimu halisimami hata sekunde. Likisimama, wachezaji wote wanajikwaa. Kwa hiyo kanuni ni hii: kushoto kukichelewa, kulia kuendelee. Uzi uliokufa mmoja msikilizaji atausamehe, ila pigo lililoruka kila mtu analisikia.

Anza na kushusha mkono tu, 1, 2, 3, 4, kwa mapigo 60 kwa dakika. Programu za metronomu ni za bure. Itaonekana ya kitoto, vumilia wiki moja.

Ukichoka kuchapa, fanya zoezi la gumba. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey akipiga Masanga mwaka 1952. Ukimsikiliza utadhani wako wawili, kumbe ni mtu mmoja na gitaa kavu, gumba likitembeza besi huku kidole cha shahada kikicheza juu. Wewe shika kordi ya C, gumba lipige uzi wa 5 kisha wa 4, zamu kwa zamu, na kidole cha shahada kiguse uzi wa 2 katikati ya mapigo. Polepole mno. Mkono ukizoea, utashangaa vidole viwili vinavyojaza chumba.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Ncha za vidole kuwaka moto ni kawaida. Ngozi inakomaa ndani ya wiki tatu nne, mradi upige kidogo kila siku. Dakika 15 za kila jioni zinashinda saa mbili za Jumamosi, kwa ngozi na kwa kumbukumbu.

Maumivu ya kifundo cha mkono au ya viungo vya vidole ni jambo jingine, na ganzi pia. Pumzika, na yakijirudia muone daktari. Mwenye kisukari awe makini zaidi, kwa sababu ugonjwa huo huweza kukakamaza vidole na bega.

Na wimbo je? Utakuja, namba yako ya dakika moja ikifika 30. Chagua wa taratibu wenye kordi mbili au tatu, ufungue YouTube, gusa mipangilio ya video na ushushe kasi hadi 0.75 au hata 0.5. Mwimbaji atasikika kama amelewa kidogo, lakini mtafika naye pamoja mwisho wa ubeti.