Tabia ya mfanyakazi nayo ni hesabu ya biashara

Mwenye biashara anapopanga gharama za mwaka huhesabu kodi ya pango, umeme, ushuru, usafiri na mishahara. Gharama moja ambayo mara nyingi haiingii kwenye daftari ni ya mfanyakazi anayeacha kazi baada ya miezi mitatu, au anayebaki huku amekata tamaa. Aliyeondoka hutafutiwa mtu mwingine, mgeni hufundishwa tangu mwanzo, na wateja waliomzoea yule wa zamani huhamia duka la jirani.

Mfano unaojulikana sana ni wa kiwanda cha magari cha Ford, Highland Park, katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilikuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, lakini ili kuidumisha idadi hiyo kililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 katika mwaka mmoja. Kazi ya kusimama pale pale kutwa nzima na kurudia jambo lile lile iliwachosha watu, wakaondoka.

Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa nane, badala ya dola 2.34 kwa siku ya saa tisa. Kiwango cha watu kuacha kazi, kilichokuwa asilimia 370 mwaka 1913, kilishuka hadi asilimia 54 mwaka 1914 na asilimia 16 mwaka 1915. Funzo lake liko wazi. Pale malipo yasipolingana na jasho, mwajiri hana haja ya kutafuta sababu kwenye tabia za watu. Aanze na mshahara.

Hata hivyo, mshahara mzuri humzuia mtu asiondoke, lakini si lazima umfanye aipende kazi. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza ni lini walijisikia vizuri sana kazini, na ni lini walijisikia vibaya sana.

Majibu yaligawanyika makundi mawili. Yaliyowaudhi zaidi ni taratibu mbovu za kampuni, usimamizi usiofaa, uhusiano mbaya na wakubwa, na mazingira ya kazi. Yaliyowafurahisha zaidi ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa madaraka, kupanda cheo na kazi yenyewe kuwa na maana. Kwa mujibu wa Herzberg, kuondoa maudhi huleta utulivu tu. Ari hutoka kwenye kundi la pili. Wapo wataalamu waliompinga baadaye, lakini mgawanyo wake bado unafundishwa katika vyuo vya biashara.

Si watu wote wanaovutwa na jambo moja

David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kuwa kazini watu husukumwa na haja tatu: haja ya mafanikio, haja ya urafiki na haja ya mamlaka. Kila mtu anazo zote, ila moja huzidi nyingine. Anayetaka mafanikio hupenda lengo gumu kiasi, na hupenda kuonyeshwa hesabu ya alichofanya. Anayetaka urafiki huzorota akiwekwa peke yake hata kama analipwa vizuri. Anayetaka mamlaka hufurahia kukabidhiwa kikundi cha watu na jukumu lake.

Kwa hiyo zawadi moja haiwezi kuwafaa wote. Wakala wa bima anayeishi kwa kamisheni anaweza kuchangamka anapoona jina lake juu kwenye orodha ya mauzo ya mwezi. Mtunza stoo hodari, ambaye fahari yake ni kuona hesabu ya mali inalingana na vitabu, orodha hiyo haimhusu. Huyo atafurahi zaidi akiulizwa maoni yake kabla ya kuagiza bidhaa.

Mitihani ya tabia

Makampuni mengi duniani huwapa wafanyakazi fomu za kupima tabia. Iliyo maarufu zaidi ni ya Myers-Briggs, iliyotungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers wa Marekani. Walichukua mawazo ya daktari wa Uswisi, Carl Jung, aliyetoa kitabu chake juu ya aina za watu mwaka 1921. Fomu hiyo huwagawa watu katika aina 16.

Inaweza kusaidia wafanyakazi kuzungumzia tofauti zao bila kugombana. Lakini ina kasoro kubwa: watu wengi wakiijaza tena baada ya wiki chache huangukia aina nyingine. Wanaoitoa wenyewe wanasema isitumike kuchagua nani aajiriwe. Kumnyima mtu kazi au cheo kwa sababu ya herufi nne za fomu hiyo ni kumwonea, na kampuni yenyewe huweza kupoteza mtu mzuri.

Wataalamu wa leo hupendelea kupima tabia kwa viwango, bila kuwafungia watu katika mafungu. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti 117. Waliona kuwa sifa moja ilikwenda pamoja na utendaji mzuri katika kazi za kila kundi walilolichunguza, nayo ni umakini: kutimiza ahadi, kupanga mambo na kumaliza kilichoanzwa. Uchangamfu nao ulisaidia, lakini hasa kwa wauzaji na mameneja.

Hapo ndipo waajiri wengi hukosea. Katika usaili msemaji mzuri humpita mkimya, hata kama nafasi yenyewe ni ya keshia au mtunza stoo. Njia iliyo salama zaidi ni kumpa kila mwombaji kazi ndogo inayofanana na ile atakayoifanya, na kuwauliza waliowahi kufanya naye kazi kama hutimiza ahadi zake.

Kwa wale walioko kazini tayari, meneja hahitaji fomu ya gharama kubwa. Anaweza kukaa na kila mmoja faragha na kumwuliza mambo matatu: ni kazi ipi aliyoifanya mwaka huu anayojivunia, ni jambo gani linalomkera, na angependa kukabidhiwa nini zaidi. Kinachomkera kikiondolewa, na anachokiweza akakabidhiwa, ndipo bonasi itakuwa na kazi ya kufanya. Bila hivyo, fedha hiyo humbakiza mtu hadi atakapopata anayelipa zaidi.