Kocha Hodari Hupimwa Filimbi Ikilia

Ndugu askari wa Buluk, kikosi hakiundwi siku ya vita, wala timu haiundwi siku ya mechi. Tarehe 5 Septemba 2015, hapa Juba, Sudan Kusini chini ya kocha Lee Sung-jea kutoka Korea Kusini iliilaza Guinea ya Ikweta bao 1-0, lililofungwa na Atak Lual. Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza wa kimataifa, tena dhidi ya timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Afrika mwaka huo huo.

Filimbi ikilia, kocha haruhusiwi kuingia uwanjani. Hubaki mazoezi, nidhamu na kuaminiana. Basi kocha hodari, sawa na kamanda, hapimwi kwa ukali wa sauti yake, bali kwa mwenendo wa vijana wake pale sauti hiyo isipowafikia.