Askari Ndani ya Nyumba: Badiliko la Tatu la Katiba ya Marekani

Katiba ya Marekani inapojadiliwa katika madarasa ya siasa, ubishi huwa juu ya uhuru wa kusema na haki ya kumiliki silaha. Badiliko la Tatu hurukwa. Linasema kwamba wakati wa amani askari jeshi hatawekwa katika nyumba yoyote bila ya idhini ya mwenye nyumba, na wakati wa vita hatawekwa ila kwa namna iliyoamriwa na sheria. Liliidhinishwa tarehe 15 Desemba, 1791, na hadi leo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo haijapata kuamua kesi ambayo msingi wake mkuu ni kifungu hiki. Wengi hukiona kama kitu cha makumbusho. Huo ni upungufu wa uchambuzi, maana kifungu hiki kinagusa swali ambalo kila dola hulijibu, ama kwa sheria ama kwa mabavu: jeshi linalishwa na nani, na linamlinda nani?

Tuanze na historia. Vita vya Miaka Saba vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza iliamua kubakiza jeshi katika makoloni yake ya Amerika, huku hazina yake ikiwa na madeni mazito. Sheria ya mwaka 1765 ikawatwisha wakoloni mzigo huo. Askari walale kambini; kambi zikijaa, walale katika nyumba za wageni, vilabu vya pombe na mabanda ya farasi; na huko nako kukijaa, katika nyumba na maghala yasiyokaliwa na watu. Mabaraza ya makoloni yatoe kuni, mishumaa, matandiko, chumvi, siki na bia.

Hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi. Sheria ile haikuruhusu askari kuingizwa katika nyumba wanamoishi watu. Ugomvi haukuwa juu ya kitanda. Ulikuwa juu ya kodi iliyotozwa bila ya kuitwa kodi. Baraza la New York lilipokataa kutoa vitu vyote vilivyotakiwa, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1767 ya kulisimamisha lisitunge sheria nyingine mpaka litii.

Mwaka 1768 vikosi vilipelekwa Boston, wala hapakuwa na adui wa nje aliyekuwa akiivamia. Walipelekwa kuwatisha wenyeji waliopinga ushuru. Mishahara ya askari ilikuwa duni, hivyo walitafuta vibarua mjini na kugombania kazi na wafanyakazi wa pale. Mwanzoni mwa Machi 1770 walipigana katika karakana ya kamba. Siku chache baadaye, tarehe 5 Machi, askari walifyatua risasi katika umati na watu watano wakafa. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Mnyonge aliyevaa sare na mnyonge asiyevaa waligombanishwa na dola moja.

Ulaya silaha hii ilikwisha kujulikana zamani. Bunge la Uingereza lilimlalamikia Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1628 kwa kuwabebesha raia askari wake. Ufaransa, kuanzia mwaka 1681, serikali ya Louis wa Kumi na Nne iliwaweka askari farasi katika nyumba za Waprotestanti ili waonewe mpaka wabadili dini. Askari aliyelala sebuleni anakula, anasikiliza, na anatisha kwa wakati mmoja.

Lakini kifungu cha mwaka 1791 kilimtaja mwenye nyumba. Mtumwa hakuwa na nyumba; yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali. Na hata aliyekuwa na nyumba hakulindwa sawa na mwingine. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia visiwa vya Aleutian huko Alaska, serikali iliwahamisha Waaleuti wapatao 880 na kuwaweka katika kambi mbovu. Waliporudi walikuta nyumba na makanisa yao yameporwa na kuharibiwa na askari wa Marekani wenyewe. Sheria ya kuwapa fidia ilipatikana mwaka 1988.

Kesi inayofaa kusomwa kwa makini ni ya Engblom dhidi ya Carey. Mwaka 1979 askari magereza wa jimbo la New York waligoma. Serikali ya jimbo iliwaita wanajeshi wa akiba kushika kazi zao, na katika gereza moja wagomaji walifungiwa nje ya vyumba walivyokuwa wakipanga, vikapewa wanajeshi hao. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanajeshi wa akiba ni askari kwa maana ya Katiba, na kwamba anayelindwa si mwenye hati ya nyumba peke yake. Mpangaji naye yumo. Tafsiri hiyo ni hatua kubwa kwa mfanyakazi. Hata hivyo kesi iliporudi chini, wakuu wa serikali waliachiwa mwaka 1983, kwa hoja kwamba wakati wa mgomo haki hiyo ilikuwa haijathibitishwa waziwazi. Wafanyakazi walishinda maana ya neno na kukosa fidia.

Mwaka 2015 mahakama moja ya Nevada iliamua dai dhidi ya polisi waliodaiwa kuingia kwa nguvu katika nyumba ya raia ili waichunguze nyumba ya jirani. Sisi kwa Kiswahili polisi na mwanajeshi wote twawaita askari. Mahakama ile ilisema polisi si askari wa Badiliko la Tatu, na dai hilo likatupwa.