Goti Linalolia Bila Maumivu

Akina mama wenzetu wa Ngarenaro, mnajua ilivyo kurudi kutoka Soko la Kilombero siku ya mvua: mguu huteleza, goti huteguka kidogo. Baada ya majuma machache maumivu yamekwisha, lakini kila ukiinuka goti linalia "ko!" Jirani anasema mafuta ya goti yamekauka, basi mama anaacha kutembea, au anapelekwa kuvutwa mguu kwa nguvu.

Tusiogope bure. Ndani ya kiungo mna ute unaokilainisha. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha za vidole vikivutwa, wakaona kwamba mlio hutokea uwazi wa gesi unapojitokeza ndani ya ute huo. Mara nyingine ni kano inayoruka juu ya mfupa. Mlio usio na maumivu wala uvimbe kwa kawaida hauna madhara. Tuendelee kutembea, misuli ya paja ipate nguvu ya kulishika goti.

Lakini goti likivimba, likiuma, likikwama au likilegea ghafla, twende hospitali ya Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu. Tusingoje hadi tushindwe kubeba watoto.