Muuguzi na Shahada Yake: Khabari za Vyuo vya Jamii vya Marekani

Kila aliyepata kulaza mgonjwa hospitali aujua ukweli huu: daktari huja akapita, na muuguzi ndiye abakiye. Yeye ndiye atazamaye pumzi za mgonjwa usiku wa manane, ndiye ampaye dawa kwa wakati wake, na ndiye wa kwanza kuona kuwa hali imebadilika. Akiona upesi na akajua maana ya alionalo, mgonjwa huweza kuokolewa. Akiona asitambue, huenda kukipambazuka hapana mgonjwa tena. Basi swali la elimu ya muuguzi si la walimu na maofisa peke yao. Ni swali la kila nyumba yenye mzee, mzazi na mtoto mchanga.

Katika nchi ya Marekani swali hili limezua mjadala ambao haujakwisha. Je, vile vyuo vidogo vilivyo karibu na watu, vilivyozoea kufundisha kwa miaka miwili, viruhusiwe kutoa shahada ya kwanza ya uuguzi, ile ambayo zamani ilikuwa kazi ya vyuo vikuu? Majimbo mengine yamekubali, na mengine yamekataa. Tumeona ni vyema tuieleze khabari hii tangu mwanzo wake, kwani ndani yake mna mafunzo kwa wazazi na vijana wanaopima njia za masomo.

Vyuo vya jamii ni vyuo gani?

Chuo cha umma cha namna hii kilicho kikongwe kuliko vyote vilivyopo leo ni kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Shabaha yake ilikuwa kijana aliyemaliza sekondari aweze kusoma miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu bila ya kuuhama mji wao. Tangu hapo vyuo hivi vimeenea nchi nzima. Jimbo la California peke yake lina 116.

Sifa zake ni mbili, ukaribu na urahisi. Kwa hesabu ya College Board, katika mwaka wa masomo 2024-25 ada ya chuo cha jamii ilikuwa wastani wa dola 4,050 kwa mwaka kwa mkaazi wa hapo, hali ya kuwa ada ya chuo kikuu cha umma kwa mkaazi wa jimbo ilikuwa wastani wa dola 11,610. Kwa hivyo huko utawakuta watu wafanyao kazi mchana na kusoma usiku, akina mama wenye watoto, na wageni waliohamia nchi ile wakitafuta maisha.

Jinsi uuguzi ulivyoingia humo

Zamani wauguzi wengi wa Marekani walifunzwa katika shule zilizokuwa chini ya hospitali zenyewe, na kwa desturi mafunzo yalichukua miaka mitatu. Mara nyingi mwanafunzi alikuwa mtumishi wa wodi zaidi kuliko kuwa msomaji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wauguzi hawakutosha, na watu wakaanza kutafuta njia nyengine.

Ndipo alipotokea mwalimu wa uuguzi aitwaye Mildred Montag. Katika utafiti wake wa Teachers College, Columbia University, uliochapishwa mwaka 1951, alitoa rai kwamba muuguzi aweza kufundishwa kwa miaka miwili katika chuo cha jamii, akapewa shahada ndogo. Mwaka 1952 jaribio likaanza katika vyuo saba. Likafaulu kuliko ilivyotazamiwa, na vyuo vingine vingi vikafuata.

Lakini hapo ndipo fundo lilipofungwa. Montag hakukusudia muuguzi wa miaka miwili awe sawa na yule wa chuo kikuu. Alimtaka awe fundi wa uuguzi, afanye kazi pamoja na mwenye shahada kamili na chini ya uongozi wake. Ila mtihani wa leseni ukawa mmoja kwa wote, na hata leo ni mmoja. Aliyesoma miaka miwili na aliyesoma minne hukaa katika mtihani ule ule, wakashinda wakapata leseni ile ile, na huenda wakasimama katika wodi moja. Karatasi zao za chuo ndizo zilizo mbali mbali.

Mlango ulivyosogezwa juu

Mwaka 1965 chama cha wauguzi wa Marekani kilitangaza kuwa elimu ya kuingilia katika uuguzi kamili yapasa iwe shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Tangazo halikuwa sheria, na mabishano yakadumu miaka mingi. Jimbo la North Dakota lilijaribu kulitia katika sheria. Tangu mwaka 1987 lilidai shahada hiyo kwa mwenye kutaka leseni, lakini mwaka 2003 likairudisha nyuma amri hiyo. Hapana jimbo jengine lililothubutu kufanya hivyo kwa anayeanza kazi.

Mwaka huo huo wa 2003 Linda Aiken na wenzake wa University of Pennsylvania walitoa uchunguzi uliotikisa wengi. Walitazama hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania na wagonjwa zaidi ya 232,000 waliopasuliwa. Wakakuta kwamba sehemu ya wauguzi wenye shahada ya kwanza ilipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu kulazwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 5. Yatupasa kuwa waangalifu hapa. Uchunguzi wa namna hii huonyesha mambo mawili yakienda pamoja, wala hauthibitishi peke yake kuwa moja ndilo lililozaa la pili. Hata hivyo jambo likigusa roho za watu, si la kupuuzwa.

Mwaka 2010 taasisi ya kitaifa ya mambo ya tiba ilishauri kuwa ifikapo mwaka 2020 wauguzi 80 katika kila 100 wawe na shahada ya kwanza. Mwaka ulifika na lengo halikufikiwa. Mwezi wa Desemba 2017 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwataka wauguzi wapya kupata shahada hiyo katika muda wa miaka kumi baada ya leseni yao ya kwanza. Hospitali nyingi nazo, bila ya kungoja sheria, zikaanza kuwapendelea wenye shahada katika kuajiri na khasa katika kupandisha vyeo.

Ngazi iliyokatika

Sasa na tutoe mfano wa kueleza hali. Mchukue mama wa miaka arubaini, mwenye watoto watatu, aliyesoma miaka miwili katika chuo cha mji wake, akapata leseni, na kwa miaka kumi akawauguza watu wa mji huo huo. Leo aambiwa kuwa hawezi kuwa kiongozi wa wodi mpaka awe na shahada. Chuo kikuu kiko mwendo wa saa mbili kwa gari. Ada yake ni mara mbili na zaidi ya ile aliyoizoea. Afanyeje? Aache kazi, au aache watoto?

Mama huyu hapungukiwi na akili wala bidii. Amepanda ngazi vipandio viwili, na alipoinua mguu kutafuta cha tatu, hakukiona. Haya ndiyo yaliyo nyuma ya mjadala huu wote, na mwenye kuyasahau hawezi kuuelewa.

Majimbo yaliyofungua, na yaliyozuia

Jimbo la Florida lilifungua njia mapema. Mwaka 2001 sheria iliruhusu chuo cha jamii cha St. Petersburg kutoa shahada za kwanza, na mwaka 2002 kikaanza kufundisha, uuguzi ukiwa miongoni mwa masomo ya mwanzo. Chuo kikubwa cha Miami Dade nacho kikaingia katika njia hiyo, na mwaka 2003 kikaliondoa neno “jamii” katika jina lake.

Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya majaribio mwaka 2005. Chuo cha Olympic, kilichoko mji wa Bremerton, kikaanza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 2007. Bremerton uko ng’ambo ya maji kutoka Seattle, na feri yachukua yapata saa moja kuvuka. Sisi watu wa pwani twaijua tofauti ya masomo yaliyo upande wako na masomo yaliyo ng’ambo. Muuguzi atokaye zamu ya usiku hakosi hamu ya kusoma. Akosacho ni saa mbili za kwenda na kurudi.

Texas ilifuata mwaka 2017, na Colorado mwaka 2018. Leo majimbo zaidi ya 20 yaruhusu vyuo vya jamii kutoa shahada za kwanza za namna fulani, ingawa si yote yaruhusuyo uuguzi. Michigan, kwa mfano, kwa sheria ya mwaka 2012 iliruhusu shahada katika mambo kama ufundi wa saruji, upishi na ubaharia, lakini uuguzi ukaachwa nje. California iliruhusu majaribio tangu mwaka 2014 na ikayafanya ya kudumu mwaka 2021, kwa sharti kuwa chuo cha jamii kisitoe shahada inayotolewa tayari na vyuo vikuu vya jimbo. Uuguzi ukazuiwa na sharti hilo. Mwaka 2024 baraza la kutunga sheria lilipitisha mswada wa kuwapa ruhusa ya majaribio wilaya kumi za vyuo hivyo, lakini mwezi wa Septemba Gavana Gavin Newsom akaukataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ushirikiano ulioanzishwa baina ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu upewe nafasi kwanza.

Hoja za wanaopinga

Haifai kuwasikiliza wa upande mmoja tu. Wapingao wana maneno ya kupimwa. Wasema kwamba walimu wa kufundisha shahada, ambao wao wenyewe hutakiwa wawe na shahada za juu zaidi, ni wachache, na kila chuo kipya chawavuta kutoka chuo kingine. Wasema pia kuwa nafasi za kujifunzia kazi wodini zina mpaka, kwani hospitali haiwezi kupokea wanafunzi bila kikomo. Tena waogopa kuwa chuo cha jamii, kikishaonja fahari ya shahada, kitawasahau wanyonge ambao kwa ajili yao kiliasisiwa.

Nasi twaongeza neno moja ambalo wanaounga mkono hulisahau. Sehemu kubwa ya shahada hizi ni za kumwendeleza muuguzi mwenye leseni tayari, kwa kumzidishia elimu ya afya ya jamii, uongozi, na kusoma na kupima tafiti. Muuguzi huyo atakuwa bora zaidi, lakini alikuwa muuguzi tangu jana. Kwa hivyo asemaye kuwa njia hii peke yake itaondoa upungufu wa wauguzi azidisha maneno.

Baada ya kuzipima pande zote mbili, rai yetu ni hii. Ikiwa hospitali na serikali zataka muuguzi awe na shahada, basi haki yadai kuwa njia ya kuifikia iwepo, na iwepo pale alipo muuguzi. Kudai bila kufungua njia ni kuwafukuza kwa maneno ya adabu watu ambao wagonjwa wawahitaji. Lakini kusogeza mlango karibu si kushusha kizingiti cha elimu. Walimu wawe wale wapasao, masomo yapimwe na wapimaji wa nje, na shahada ya chuo kidogo iwe na uzito ule ule. La sivyo, tutakuwa tumempa mama yule karatasi, na mgonjwa hatukumpa kitu.

Neno kwa wazazi na vijana

Hata kwetu Tanzania wako wauguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada, na wengi wao hupanda daraja hizo wakiwa kazini. Tena wako jamaa zetu walioko Marekani ambao kazi yao ya kwanza huko ilikuwa kuwahudumia wazee na wagonjwa, na chuo cha jamii ndicho mlango wao wa masomo. Basi kabla ya kutoa ada, na waulize maswali manne.

Kwanza, je, masomo haya yatambuliwa na baraza la uuguzi la mahali hapo, na yamepewa ithibati na wapimaji wa vyuo? Pili, je, shahada hii ni ya anayeanza, au ni ya mwenye leseni tayari? Tatu, je, mwanafunzi akitaka kuendelea mbele, masomo haya yatahesabiwa na chuo kikuu, au ataambiwa aanze upya? Nne, katika wanafunzi waliotangulia, wangapi walimaliza, na wangapi walishinda mtihani wa leseni? Chuo chema hakichukii maswali haya. Hujibu kwa hesabu.

Na wewe kijana, usione haya kuanza katika chuo kidogo. Wala nanyi wazazi msimdharau binti kwa kuwa amechagua njia ya miaka miwili kabla ya minne. Haba na haba hujaza kibaba. Lililo la aibu ni kuanza mahali ambapo hukuuliza kama pana kipandio cha pili. Ulizeni mapema, wekeni akiba, na msaidieni nyumbani yule asomaye hali afanya kazi, kwa kumshikia watoto na kumpunguzia shughuli. Usiku ule atakapokuwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na pumzi zikabadilika, elimu aliyoipata kwa msaada wenu ndiyo itakayomwambia la kufanya.