Ziwa Moja, Nchi Nne

Ndugu askari wa jeshi na polisi, maji ya Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi yanapofurika Gatumba, ninyi ndio mnaoitwa kuokoa watu. Lakini ni nani wa kulipima ziwa kabla ya hapo? Mhadhiri wa Kiriri hawezi peke yake, kwani mwambao uliobaki ni wa Tanzania, Kongo na Zambia. Kwa hiyo mfadhili huuliza kwanza: wenzako wa ng’ambo ni akina nani? Swali hilo ni la haki. Pasipo vipimo vya Kigoma na Kalemie, ombi la Kiriri ni nusu ya habari. Swali la pili huuma zaidi: serikali yenu imetoa nini? Mwaka 2007, wakuu wa Umoja wa Afrika walizihimiza nchi kutenga kwa utafiti angalau asilimia 1 ya pato la taifa.