Useremala nyumbani: raha yake na vumbi lake

Wewe unayetoka shifti ya usiku hapa Uingereza na kubaki peke yako ukitazama TV, jaribu useremala. Michoro ya bure ya rafu na viti imejaa kwenye intaneti. Anza na kigoda. Msumeno wa mkono, randa na gundi vinatosha.

Lakini vumbi la mbao si la kuchezea. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba linasababisha saratani, hasa ya pua. Mvule wetu, unaouzwa huku kwa jina la iroko, huwasha ngozi na huweza kuleta pumu. Kwa hiyo usipige msasa chumbani wanakolala watoto (najua wengi tunabanana chumba kimoja!). Toka nje, vaa barakoa ya FFP3, ukimaliza futa kwa kitambaa kilicholowa. Usifagie, utalirusha tena hewani.

Ukiokota paleti tazama muhuri. HT ni mbao zilizotiwa joto kuua wadudu, chukua. MB zilipigwa dawa ya methili bromaidi, achana nazo.

Huna nafasi? Ulizia Men's Shed ya mtaani kwako; nyingi siku hizi hupokea na akina mama. Chai haikosekani.